Mto ulioshuka usiku: kisa cha filamu iliyokwama msituni, magharibi mwa Uganda

Majina ya watu, ya kampuni, ya filamu yenyewe na ya vijiji nimeyaondoa, na tarakimu chache nimezisogeza kidogo ili zisimtaje mtu. Nilikuwa msaidizi wa meneja wa uzalishaji, kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayosimuliwa hapa ni yangu mwenyewe. Nawaandikia wenzangu wanaotengeneza filamu kwa Kiswahili, hasa wale wanaotaka kupeleka kamera mahali ambapo lori haliwezi kugeuza.

## Usuli

Hadithi ilikuwa ya mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza inaendelea Afrika Mashariki, na kundi la wapagazi wa jeshi la Waingereza linatoroka na mizigo yake. Hao ni watu wa lile jeshi la wapagazi lililoacha jina lake Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wanaingia msituni, wanapiga kambi kando ya mto, na kwa miezi kadhaa wanaishi huko wakigombania nani awe mkubwa na mzigo ni wa nani. Kila mmoja ametoka kabila lake, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na ndiyo maana filamu nzima ilikuwa ya Kiswahili, jambo ambalo si la kila siku nchini Uganda.

Mwongozaji alikuwa Mganda, mtayarishaji mkuu alikuwa na ofisi Kampala, fedha kidogo zilitoka kwa washirika wa Nairobi, na mpiga picha mkuu pamoja na mhasibu walitoka Dar es Salaam. Kwa jumla tulikuwa watu 46 wa kazi, waigizaji wakuu 9, na waigizaji wa ziada 120 kutoka vijiji vitatu jirani. Ratiba ilikuwa ya siku 28.

Msitu wenyewe uko chini ya milima, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka Fort Portal kukiwa kukavu. Kilomita 11 za mwisho ni barabara ya udongo mwekundu, na katikati yake kuna daraja la magogo. Upande mmoja wa msitu ni hifadhi ya taifa, ambayo husimamiwa na UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Upande wa pili ni msitu wa akiba, ambao uko chini ya NFA, mamlaka ya taifa ya misitu. Kati ya pande hizo mbili hakuna uzio wala jiwe, mpaka unauona kwenye ramani tu. Mtayarishaji aliomba vibali vyote viwili tangu mwanzo. Wengi huomba kimoja, wakakutana na askari wa kingine siku ya tatu.

Mwongozaji alitaka kila kinachoingia kwenye fremu kiwe cha kweli: mvua ya kweli, matope ya kweli, na watu 120 waliobeba mizigo yenye uzito wa kweli. Ni rahisi kumcheka leo. Lakini alikuwa ameshatengeneza tamthilia moja ambamo wapagazi walibeba masanduku matupu, na alipoitazama aliona aibu. Mtu aliyebeba sanduku tupu hutembea kama anayekwenda harusini. Hilo mtazamaji hulihisi hata kama hawezi kulitaja.

## Uamuzi wa tarehe

Awamu ya kwanza ya ruzuku ilitarajiwa Novemba. Ilifika Februari, wiki ya tatu.

Magharibi mwa Uganda kuna vipindi viwili vinavyovumilika: Desemba hadi Februari, kisha Juni na Julai. Mvua za Machi hadi Mei ndizo tulizotakiwa kuzikwepa. Mwigizaji mkuu naye alikuwa amesaini tamthilia Nairobi kuanzia Juni, na masharti ya ruzuku yalidai kamera ianze kuzunguka kabla ya mwisho wa Aprili.

Mezani kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kusubiri Desemba na kurudisha fedha. Ya pili, kubadilisha mwigizaji mkuu na kuomba nyongeza ya muda. Ya tatu, kuingia msituni Machi. Tukachagua ya tatu. Sababu zilizotajwa ni kwamba mvua za huko hunyesha alasiri tu, kwa hiyo asubuhi ni zetu, na kwamba mwongozaji alitaka mvua hata hivyo. Nakumbuka tulikuwa watano mezani, Kampala, tukila chapati za mayai. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala msitu ule mwezi wa Aprili. Ziara ya kukagua mahali ilifanyika Januari, siku mbili, mto ukiwa kifundo cha mguu.

## Mwanga

Ratiba ilihesabu saa kumi za kupiga picha kwa siku. Kwenye ikweta mchana hauna ujanja, ni saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo hesabu ilionekana ya uhakika. Chini ya miti mirefu mambo ni mengine. Mwanga wa kutosha kamera ulikuwa unafika saa tatu asubuhi, na ikifika saa tisa alasiri uso wa mwigizaji umeshakuwa wa kijani kibichi kama wa mgonjwa. Mvua nayo ilikuwa ikianza saa nane. Tukabaki na saa tano.

Tulipanga kurasa nne za muswada kwa siku. Wiki ya kwanza tulipata wastani wa ukurasa mmoja na nusu.

Taa tulikuwa nazo. Jenereta kubwa ilikuwa juu ya lori, lori lilikuwa ng'ambo ya daraja la magogo, na daraja halikuweza kulibeba. Fundi umeme alivuta nyaya mita mia kadhaa porini, umeme ukafika umechoka, na kila mvua ilipoanza ilibidi azime. Tulikuwa na droni pia, ndani ya sanduku lake. Kibali chake, ambacho Uganda hakitolewi bila idhini ya upande wa ulinzi, hakikuwa kimetoka. Hakikutoka mpaka mwisho. Mafundi wawili wa kamba walipanda mti wakafunga jukwaa, na kusema kweli picha za juu walizozipata ni nzuri kuliko ambazo droni ingeleta, kwa sababu zinatikisika kidogo kama mtu anayechungulia.

Siku ya nane mpiga picha mkuu alikuja na wazo. Katikati ya mto kulikuwa na fungu la mchanga, refu kama uwanja wa mpira, na juu yake mbingu wazi. Pale mwanga ulikuwapo tangu saa moja asubuhi hadi karibu saa kumi na mbili jioni. Kambi ya watoro, ambayo muswada uliiweka kwenye uwazi ndani ya msitu, ihamie pale. Hakuna mti wa kukata, hakuna nyaya za kuvuta. Wote tulishangilia, na kwa siku kumi na moja uamuzi ule ulikuwa bora kuliko yote tuliyoyafanya. Tulifika kurasa tatu na nusu kwa siku.

## Posho

Siku ya kumi waigizaji wa ziada waligoma.

Mhasibu wetu alikuwa amebandika tangazo penye ofisi ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji: malipo ni shilingi 20,000 kwa siku pamoja na posho. Kichwani mwake, kama ambavyo ingekuwa Dar es Salaam au Dodoma, alimaanisha kwamba ndani ya zile 20,000 kuna ujira na kuna posho, yaani fedha kidogo ya kujikimu. Uganda posho ni ugali. Watu 120 walisoma kwamba watalipwa 20,000 na watapikiwa ugali. Siku mbili za mwanzo za kazi yao walivumilia wakidhani jiko halijapangwa vizuri. Siku ya tatu, saa saba mchana, waliwaona watu wa kamera wakila matoke na maharage chini ya turubai, wakaweka mizigo chini, wakakaa juu yake.

Meneja wangu alidhani wanataka nyongeza. Akawaongezea 3,000. Wakapokea kwa heshima, wakaendelea kukaa. Siku moja na nusu ilipotea kabla ya mama mmoja, mpishi wetu kutoka Fort Portal, kumwuliza mhasibu swali jepesi: baba, unga wa hawa watu uko wapi?

Tulikaa chini ya mwembe na mwenyekiti na wazee. Tukakubaliana kwamba unga utanunuliwa kijijini, upikwe kila siku, na watu wote wale mahali pamoja. La pili lilitoka kwa wanawake waliokuwapo, nalo lilikuwa kubwa kuliko la chakula: fedha zisipitie tena kwa viongozi wa makundi. Kuanzia jioni ile kila jina lilisomwa kwa sauti mbele ya wote, kiasi kikatajwa, mwenyewe akapokea mkononi. Ilikula dakika arobaini kila jioni na mwongozaji alilalamika. Lakini kuanzia hapo hatukupoteza saa hata moja kwa sababu ya waigizaji wa ziada, na walipotakiwa kurudi baada ya wiki saba walirudi.

## Bunduki za mbao

Jioni ya siku ya kumi na tatu, vijana wanane walirudi nyumbani na mavazi ya askari wa 1916. Nguo zao zilikuwa zimelowa, na mtu wa mavazi aliwahurumia. Wengine walikuwa na bunduki za mbao begani, wakiongea Kiswahili cha kwenye muswada kwa kufanya mzaha.

Msomaji wa Dar au Mombasa anaweza asione tatizo. Uganda, Kiswahili kwa miaka mingi kimesikika kwa wengi kama lugha ya mtu mwenye bunduki. Ni lugha ya jeshi, na wazee wana kumbukumbu zao nacho. Eneo lenyewe si mbali na mpaka wa Kongo. Mwaka 1998 waasi wa ADF walivamia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakawachoma wanafunzi wakiwa mabwenini. Mtu anayekumbuka usiku ule akiona magwanda na bunduki machweo, kwenye njia ya msituni, hasimami kuuliza kama ni filamu.

Bibi mmoja aliona, akapiga simu. Ndani ya nusu saa familia zilikuwa njiani kuelekea sokoni na watoto mgongoni. Saa mbili usiku wanajeshi waliizingira kambi yetu. Kamanda wao alikuwa mtulivu. Aliagiza kila mtu atoke na mikono ionekane, akakagua bunduki moja baada ya nyingine, akazigonga kwa kidole. Hakuna risasi iliyopigwa. Meneja wangu alitetemeka mpaka asubuhi, nami pia.

Kituo cha polisi kilikuwa na barua yetu, lakini kijiji hakikuwa nayo. Kesho yake tulianza kutumia kipaza sauti cha sokoni kila asubuhi, kwa Rutooro na kwa Kiswahili, tukisema leo tutapiga picha wapi na wangapi watakuwa wamevaa magwanda. Mavazi na bunduki vikafungiwa kwenye kontena saa kumi na moja jioni, mvua au jua. Mwongozaji alikwenda mwenyewe kwa yule bibi kuomba radhi, amepiga magoti kama inavyompasa mtoto mbele ya mkubwa. Sidhani kama kuna mtu aliyemshauri afanye hivyo.

## Tumbo

Wiki ya tatu watu 17 kati ya 46 waliugua kuhara. Maji ya kunywa tulikuwa tunayachemsha, kwa nidhamu kabisa. Juisi ya unga iliyogawiwa saa nne asubuhi ilikuwa inakorogwa kwa maji ya mtoni.

Si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alikuja Uganda na Kongo kupiga filamu ya The African Queen, na wengi wa kikosi chake waliugua kwa maji machafu, mwigizaji Katharine Hepburn akiwa miongoni mwao. Inasimuliwa kwamba Huston na mwigizaji mwingine, Humphrey Bogart, walipona kwa kuwa walikunywa wiski tu. Dawa yetu ilikuwa nafuu zaidi: mtu mmoja, jerikeni zenye rangi moja, na hakuna kinachoingia kwenye kikombe nje ya jerikeni hizo.

Vifaa vilivumilia kuliko watu. Lenzi zililala kwenye sanduku la mbao lenye balbu inayowaka usiku kucha, na hatukupata ukungu hata kwenye kioo kimoja.

## Mto

Usiku wa kuamkia siku ya kumi na tisa, saa tisa, niliamshwa na sauti niliyodhani ni lori. Nilitoka nje ya hema. Nyota zilikuwa zimejaa. Hakukuwa na tone la mvua tangu jioni.

Mito ya sehemu ile huzaliwa milimani. Mvua ikinyesha juu, Rwenzori, walio chini hawana habari nayo mpaka imefika. Mwezi Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka namna hiyo ukaivunja Kilembe na sehemu za Kasese. Wetu haukuwa mkubwa kama huo. Ulitosha. Kulipokucha fungu la mchanga halikuwapo. Vibanda 14 vilikuwa vimekwenda, na masanduku matatu ya mavazi, reli za kamera, jahazi dogo tulilolichonga wiki mbili, na mizigo mingi ya wapagazi iliyokuwa imejazwa mchanga ili iwe na uzito wa kweli.

Fundi wa seti alikaa ukingoni akilia. Kisha akasema jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatujalisikia. Siku ya tisa, tulipoanza kujenga, mzee mmoja kati ya waigizaji wa ziada alimwambia kwamba pale si mahali pa kulala, kwa sababu mto una njia mbili na mchanga ule ndiyo njia yake ya pili. Fundi alimwambia msaidizi wa pili wa mwongozaji. Msaidizi aliandika kwenye daftari lake. Nimeliona, limeandikwa vizuri, na tarehe. Alikusudia kulitaja kwenye kikao cha jioni ya siku ya kumi. Kikao hicho kilimalizika kwa habari ya mgomo.

Baadaye nilifungua picha za ziara ya Januari. Katika picha ya nne mwongozaji amesimama kwenye mchanga huo, anatabasamu, ameonyesha dole gumba. Nyuma yake kuna mti, na kwenye matawi, juu ya kichwa chake, kumenasa majani makavu na vijiti. Mto ulikuwa umeyaacha pale. Picha hiyo tuliibandika ukutani Kampala miezi miwili, tukapanga ratiba mbele yake.

## Uamuzi baada ya mto

Mwongozaji alitaka kujenga upya palepale. Mpiga picha mkuu alisema yeye hatapeleka mtu wake pale, akaenda kufunga masanduku. Mtayarishaji ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi kwa mujibu wa mikataba, lakini alikuwa Kampala, na mtandao wa simu ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, mstari mmoja, wakati mwingine miwili. Kwa siku mbili kila uamuzi ulipandishwa kichuguuni na kushushwa.

Alipofika mwenyewe, siku ya ishirini na moja, hakuuliza nani alikosea. Aliomba orodha ya sini, yaani vipande vya hadithi vya kupigwa picha, zilizobaki. Zilikuwa 61. Akauliza kwa kila moja: hii inahitaji msitu huu, au inahitaji majani? Walibishana usiku kucha. Kulipokucha, sini 22 zilikuwa zinahitaji mto mpana, milima nyuma, au jukwaa la mtini. Zilizobaki 39 zilikuwa watu wawili watatu wanaozungumza mbele ya miti.

Basi tulibaki siku tisa zaidi tukapiga zile 22, za mwigizaji mkuu kwanza, kambi mpya ikiwa kwenye ukingo wa juu ambao yule mzee aliuchagua. Alilipwa kama mshauri, kiwango sawa na cha fundi. Kisha tukafunga. Zile 39 zilipigwa wiki saba baadaye kwenye msitu ulio kando ya barabara kuu ya Kampala kwenda Jinja. Mwigizaji mkuu aliruhusiwa kutoka Nairobi kwa wikiendi tatu, na sini ambazo hakuwapo zilijaza siku za katikati. Watu walilala mahali penye umeme, na jioni walikula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai.

Huko tatizo lilikuwa sauti. Malori ya Mombasa yalipita usiku na mchana, na mazungumzo mengi yalirekodiwa upya studio. Kilichotuokoa ni kwamba mtu wa sauti, bila kuagizwa, alikuwa ametumia usiku tatu kule magharibi kurekodi msitu mtupu: nyenje, mbega alfajiri, matone yanayodondoka kutoka kwenye majani baada ya mvua. Sauti hizo ziliwekwa chini ya mazungumzo yote.

Waigizaji wapya wa ziada tuliwapata karibu na Kampala, nao siku ya kwanza walitembea kama wanaokwenda harusini. Tukawaleta 18 kutoka magharibi watangulie mbele, na masanduku yakajazwa mchanga tena.

## Matokeo

Siku 28 ziligeuka 51. Bajeti ilizidi kwa karibu theluthi moja, na mtayarishaji aliuza taa zake mwenyewe kulipa mishahara ya mwisho. Bima ilifidia reli za kamera. Seti haikufidiwa, kwa sababu ilijengwa mahali ambapo maji huwa yanafika. Watu wawili wa kikosi waliacha kazi ya filamu kabisa. Filamu ilitoka baada ya miezi 19, ikapokelewa vizuri na walioiona, ingawa si wengi kama tulivyotamani.

Katika onyesho la ndani la kwanza, nilimwuliza mwongozaji aniambie sini ipi ni ya msitu wa magharibi na ipi ni ya kando ya barabara. Alikosea tano kati ya kumi na mbili.

## Uchambuzi

Wengi wanaosikia kisa hiki husema tulishindwa na msitu. Mimi nadhani tulishindwa na meza ya Kampala. Tarehe ikishachaguliwa kwa sababu ya ruzuku na ya mkataba wa mtu mmoja, kila kinachofuata huwa ni kuilinda hiyo tarehe. Mvua ilitukosesha mwanga, kukosa mwanga kukatupeleka mtoni, na mtoni ndiko tulikoangukia. Kila hatua, peke yake, ilikuwa ya busara. Mpaka leo siwezi kumlaumu mpiga picha mkuu kwa wazo la fungu la mchanga. Ningekuwa yeye ningesema vilevile. Lakini njia ya pili, ya kubadilisha mwigizaji na kuomba muda, haikujadiliwa hata dakika kumi. Tuliiona kama kukosa heshima kwake. Baadaye tulipomweleza, alishangaa: angekubali.

Kosa langu liko kwenye kikao cha jioni. Mimi ndiye niliyekiendesha. Kilikuwa na ajenda moja isiyoandikwa: kilichotuchelewesha leo. Jambo ambalo halijatuchelewesha bado, kama mto, halikuwa na mahali pa kuingilia. Kwenye kazi mbili nilizofanya tangu wakati huo, dakika tano za kwanza za kikao ni za watu wa mahali hapo, wanasema wanachokiona, nasi hatujibu. Mara nyingi wanasema mambo ya ng'ombe na njia. Sawa tu.

Kuhusu ukweli ndani ya fremu, nadhani mwongozaji alikuwa sahihi nusu. Uzito wa kweli ulionekana kwenye shingo za watu, na hakuna aliyeweza kuuigiza. Mto wa kweli ulihitajika kwa sini 22. Hata Huston, baada ya mateso yote ya Kongo na ya Butiaba huku Uganda, picha nyingi za waigizaji wake wakiwa ndani ya maji alizipiga studio Uingereza. Lile swali la mtayarishaji, msitu huu au majani, lingeulizwa Januari tungelipa hoteli za Jinja badala ya vibanda vilivyokwenda na maji. Sijui kama mwongozaji angelikubali wakati huo. Nadhani alihitaji kwanza kuona mto.

Kusoma majina kwa sauti ni jambo ninalowashauri wote, bila masharti. Na kabla ya kubandika tangazo lolote Uganda, Kenya au Kongo, mpe mtu wa hapo alisome na akueleze ameelewa nini. Kiswahili ni kimoja mpaka inapofika kwenye chakula na fedha.

Kuna jambo moja ambalo halikuingia kwenye ripoti tuliyoipeleka kwa watu wa bima. Kila usiku vijana wawili walikuwa wanalala kwenye seti, ndani ya kibanda cha katikati ya mchanga, kuilinda. Usiku ule pia walikwenda. Saa nne hivi siafu waliingia kibandani, wengi mno, wakawapanda mpaka kwenye nywele. Vijana walikimbia wakavuka maji kuja kambini, wakilaani, nasi tukawacheka tukiwapa mafuta ya taa ya kujipaka. Walilala jikoni. Ripoti, niliyoiandika mimi, inasema hakuna aliyeumia kwa kuwa taratibu za usalama za kambi zilifuatwa.